Daftari la Alhamisi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa mikono yangu inatafuta pa kujishika. Ilikuwa alasiri, Mugeta, kwenye uwanja ulio mbele ya ghala la pamba. Watu wamekaa chini, wengine wamesimama na baiskeli zao, na wagombea wawili wa ubunge wameketi mezani pamoja na mwenyekiti wa mkutano. Fundi cherehani mmoja akanyoosha mkono aulize swali. Alikuwa ameshika karatasi, na karatasi ile ilikuwa na mwandiko wangu. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma kabisa ya umati, na nilikuwa nikiamini kwamba ninamtumikia Mungu.

Habari hii sijamsimulia mtu, hata mama yako. Nakusimulia wewe kwa sababu ya ulichokuja kuniuliza Jumapili. Ulikuja hapa Kamunyonge umevaa vizuri, umeniletea samaki sato wawili wakubwa, ukakaa ukaanza kunisifia afya, nami nikajua kuna jambo, maana hujawahi kunisifia afya. Kisha ukasema uko kwenye kampeni, mgombea wenu ni mtu wa ibada, anatetea ndoa na heshima ya wazee, na yule mpinzani wake akipita nchi itaharibika. Ukauliza taratibu kabisa: "Baba, lile daftari lako la zamani la kanisani bado unalo? Nasikia baba yake yule aliwahi kuungama kitu kizito." Nikakohoa, nikasema nitatafuta. Tangu siku hiyo sina raha. Chakula nakizungusha tu kwenye sahani, na mama yako anadhani presha imepanda.

Si presha. Ninaogopa, na ninakuogopea wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, ninaishi Nyamuswa. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilikuwa karani pale kanisani kwetu, na nilikuwa na mwandiko mzuri. Nisikufiche, nilikuwa na majivuno nao. Mtu akitaka barua ya posa, au ya kuomba kazi Musoma, alinifuata mimi, na mimi nilimkalisha makusudi nje ya mlango ili wapita njia waone ninavyotafutwa.

Kanisa letu lilikuwa limepitiwa na uamsho tangu siku za wazazi wetu. Wazee walisimulia jinsi moto ule ulivyokuja kutoka upande wa ziwani, ukawaingia wachungaji, waganga na wezi wa mifugo, wakawa wanalia mbele za watu na kurudisha vya wenyewe. Siku zangu, kilichokuwa kimebaki cha uamsho ule kilikuwa mkutano wa Alhamisi. Kila Alhamisi, jua likianza kupoa, waliookoka walikusanyika kanisani. Tuliimba, kisha tulinyamaza, na mwenye jambo alisimama akaitaja dhambi yake kwa jina lake, bila kuzungusha maneno. Akisema amempiga mke wake, mke wake amekaa palepale anasikia. Akimaliza tulimwimbia, tukamkumbatia, na mchungaji alifunga kwa maneno yaleyale kila wiki: tuliyoyasikia hapa tumemwachia Bwana. Ukitoka nje hukumtazama mwenzako kwa jicho la pembeni. Ulimwuliza habari za mbuzi wake.

Mchungaji alinipa daftari niandike majina ya waliosimama, ili tuwaombee. Majina tu. Lakini mimi na mwandiko wangu hatukutosheka na majina. Nikaanza kuongeza mstari mmoja wa maelezo, baadaye mitatu, baadaye ukurasa. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyejua.

Humo ndimo nilimoandika habari za Mwalimu Yeremia. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa njiani kati ya Mugeta na Nyamuswa, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. Alipookoka alikawia sana kusimama. Alhamisi moja ya masika akasimama, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, akasema kwamba zamani, kabla hajaenda chuo cha ualimu, aliwahi kuongozana na vijana wenzake kwenda kuiba ng'ombe Mugeta. Mwenye ng'ombe aliwafukuza, naye Yeremia akageuka akaachia mshale, ukampata yule mtu pajani. Hakufa, lakini mguu haukurudi kuwa mguu. Unajua kwetu. Zamani zile wizi wa ng'ombe wapo vijana waliouona ni ushujaa, lakini damu ya mtu ni jambo lingine, ndugu wanaweza kuilipiza hata kwa wajukuu. Wenzake hawakumtaja. Alirudi, akasoma, akawa mwalimu, na kila alipomwona mtoto anachechemea darasani alishindwa kuendelea na somo.

Wiki iliyofuata mchungaji alimsindikiza mpaka Mugeta, kwa yule mzee mwenyewe, Mzee Wambura, wakiwa wanaswaga ng'ombe na ndama wake. Tuliambiwa mzee alipokea na yakaisha. Nikaliandika hilo pia, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Miaka ikapita, ukaja uchaguzi. Ninyi mmezoea vyama vingi na bendera za kila rangi. Wakati ule chama kilikuwa kimoja. Kila jimbo waliteuliwa watu wawili, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Walitembezwa pamoja, wakahutubia meza moja, na ilikuwa marufuku kutaja dini au kabila. Wote wawili walitakiwa kuunga mkono siasa ileile. Sasa fikiria mwenyewe: watu wawili wanasema maneno yaleyale, utamshambulia mwenzako kwa lipi? Anabaki yeye, na nyumbani kwake, na mambo yake ya zamani.

Jembe alipewa Mwalimu Yeremia. Nyumba alipewa Mzee Zakaria.

Mzee Zakaria alikuwa mzee wa kanisa letu na ndiye aliyenisimamia ubatizo. Alikuwa na ng'ombe wengi, kofia nyeupe ya jua, na Biblia aliyoifunga kwa kitambaa. Nilimpenda kwa kweli. Siku zile tetesi zilikuwa zimeanza kwamba watu watahamishwa wakakae vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mistari na shamba la pamoja, na kwamba shule za kanisa zitakwenda serikalini. Mwalimu Yeremia aliyapokea hayo kwa furaha, akasema watoto watapata maji na zahanati. Mzee Zakaria aliyaunga mkono mezani, kama alivyotakiwa, lakini nyumbani kwake alitikisa kichwa. "Makaburi ya baba zetu tutaachia nani?" alikuwa akiniambia. "Na zizi? Na kanisa tulilolikandika kwa mikono yetu?"

Nilipomsikia niliingiwa na hofu. Niliona kila kitu ninachokijua kinakwenda kubomolewa, na kwamba Mungu amemweka Mzee Zakaria asimame mlangoni azuie. Usidhani nilikuwa kijana mwovu. Nilikuwa kijana mwenye hofu, na nilijiona nina haki yote.

Nikawa mpanga mbinu wake wa siri. Kwa kuwa kutaja dini kulikatazwa, nikatafuta namna ya kuitaja bila kuitaja. Nyumba! Niliona alama ile imeshushwa kutoka mbinguni. Aliyepanga nyimbo na masomo ya Jumapili nilikuwa mimi, basi Jumapili hadi Jumapili watu walisomewa habari za nyumba tu: yule mtu aliyejenga juu ya mwamba, Daudi anayetaka kumjengea Mungu nyumba, Yoshua anayesema yeye na nyumba yake watamtumikia Bwana. Kwaya ya akina mama niliitungia wimbo wenye neno nyumba katika kila ubeti. Nilimleta na Nabothi, aliyeuawa na mfalme Ahabu kwa ajili ya shamba lake la mizabibu, nikawaachia watu wenyewe wamalizie Ahabu ni nani. Kwa wazee wasio wa kanisa nilikwenda na maneno mengine, nikawazungumzia makaburi na mizimu iliyolala pale. Nilifika Bunda. Nilifika hadi Butiama kwa wajomba zangu, niwaombe waje waseme na dada zao walioolewa kwetu. Mchungaji aliniuliza mara moja tu, "Elia, siku hizi Bwana hana habari nyingine ila nyumba?" Nikacheka, naye hakucheka.

Pamoja na yote hayo, jembe lilikuwa linapanda. Watu walimpenda mwalimu. Akimkuta mtu analima, alipokea jembe lake wakalima huku wanazungumza. Waliosoma kwake sasa walikuwa wazazi. Siku moja niliwakuta akina mama wa kwaya wanauimba wimbo wangu, ila nyumba wameitoa, wameweka jembe. Waliponiona wakaangua kicheko.

Wiki moja kabla ya mkutano wa Mugeta, Mzee Zakaria aliniita kwake mchana. Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, sisi wawili tu. Alikuwa amekonda.

"Elia," akasema, "huyu mwalimu hanaga doa? Mtu mzima hivi, hana hata moja?"

Niliendelea kumega ugali, lakini nilihisi uso wangu unanisaliti. Alinitazama muda mrefu. Alhamisi ile ya masika yeye hakuwepo, alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani. Nami nikasema, mwanangu. Nilisema yote, mpaka paja lilikuwa la upande gani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akajifuta polepole. "Mimi sijasikia kitu," akasema. "Mimi ni mzee wa kanisa. Ila wewe unajuaga kuandika."

Hakuniambia niandike nini. Nilitoka pale najiona nimeaminiwa.

Basi turudi uwanjani. Fundi cherehani, mtu wetu wa Mugeta, alisoma neno kwa neno kama nilivyomwandikia: mgombea wa jembe awaeleze wananchi kama aliwahi kufika hapa zamani kuchukua ng'ombe za watu, na mshale uliomlemaza Mzee Wambura aliupiga nani.

Mwenyekiti akasema swali hilo halifai, lisijibiwe. Mimi hilo halikunisumbua, maana mpango wangu haukuhitaji jibu. Angenyamaza ingetufaa, angekana ingetufaa zaidi. Lakini Mwalimu Yeremia alisimama. Hakumtazama fundi. Alitazama umati, safu kwa safu, mpaka akanipata. Sijui kama aliuona mwandiko kwa mbali vile. Yeye ndiye aliyenishika mkono darasa la kwanza akanifundisha kuandika.

"Ni mimi," akasema. "Mshale ulikuwa wangu. Mzee Wambura anajua, na tulishamalizana."

Waliosikia "ni mimi" hawakusikia kilichofuata. Watu walinyanyuka, vumbi likanyanyuka, mwenyekiti akafunga mkutano huku anagonga meza. Watu wetu wakaanza kuimba nyumba, nyumba. Mwalimu alipanda baiskeli yake akaondoka mbio kuwahi nyumbani, kwa mkewe na watoto. Nami nikawaona wana wawili wa Mzee Wambura, wanaume wazima, wanatoka uwanjani. Mmoja alikuwa analia. Hawakushika njia ya kwao. Walishika njia ya shuleni, alikoishi mwalimu, vijana wengine wakawafuata, na mmoja akapitia kwao akatoka na upinde.

Katika mpango wangu wote sikuwa nimeliwaza hilo. Niliwaza kura. Sikuwaza kwamba yule mzee ana wana.

Nilifikiria kukimbilia kwa polisi, lakini polisi walikuwa mbali. Nilifikiria kwenda zangu Nyamuswa, nijifungie ndani, nisubiri kuambiwa. Hilo nililifikiria sana, nisikudanganye. Kisha nikapanda baiskeli nikaenda kwa Mzee Wambura, kwa sababu hapakuwa na mwingine ambaye wale wangemsikia.

Nilimkuta uani, mguu ameunyoosha kando, anasuka kamba ya ng'ombe. Mikutanoni hakuwa akienda, kwa sababu ya mguu. Nikamwamkia, nikamwambia vijana wanakwenda kwa mwalimu, ile habari imejulikana.

"Nani amesema?" akauliza.

"Imejulikana tu, mzee."

"Imejulikana haina mdomo. Nani amesema?"

"Mimi," nikasema.

Aliweka kamba chini, akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka, akapanda nyuma ya baiskeli yangu. Mguu wake mbovu ulichomoza pembeni, na kila tulipopita penye mashimo nilimsikia anavuta pumzi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na sikujua niombe nini. Ningeombaje Mungu azuie kitu nilichomwomba wiki nzima afanikishe?

Tulipofika, walikuwa wameshang'oa nyasi za paa la jiko. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mkewe na watoto wako ndani, na mwana mkubwa wa Mzee Wambura amesimama mbele yake, mshale uko kwenye upinde. Hakuwa ameuvuta bado. Mpaka leo sijui alikuwa anasubiri nini. Labda alikuwa anasubiri mwalimu aombe, na mwalimu haombi.

Mzee Wambura akashuka, akachechemea mpaka akasimama kati yao.

"Mguu huu ni ya nani?" akamwuliza mwanawe.

"Ya kwako, baba."

"Basi usiulilie kuliko mwenyewe. Ile maziwa mlikuwaga mnakunywa, wewe na mdogo wako, ya ile ng'ombe nyekundu, mlifikiri ilitoka wapi? Ni huyu aliileta. Alikuja kwangu akalia, tukala meza moja. Mimi nimemsamehe. Wewe unamdai nini?"

Upinde ukashuka. Mdogo wake akakaa chini palepale kwenye vumbi. Vijana waliobaki wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na wengine, kwa aibu, wakaanza kuokota nyasi walizozing'oa.

Mzee akanigeukia mimi. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa furaha. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mimi si mtu wa kanisa, kijana. Ila siku ile mlivyoniletea huyu na mchungaji wenu, nilimwuliza mchungaji: wanaojua ni wangapi? Akasema, wale wa mkutano wetu. Nikamwuliza: watakaa nalo? Akasema, watakaa nalo, hiyo ndiyo imani yetu. Kwa sababu hiyo na mimi nilikaa nalo. Hata hawa wanangu sikuwaambia, wasije wakaua mtu. Miaka yote mimi ambaye sijabatizwa nimekaa nalo. Wewe umeshindwa nini?"

Nikamwomba apande baiskeli nimrudishe. Akakataa. Wanawe walimshika mikono huku na huku, wakaondoka naye kwa miguu, pole pole, na mimi nikabaki nimeshika baiskeli yangu uani kwa mtu niliyemvunja. Mwalimu Yeremia alikuwa bado amekaa pale kwenye kigoda. Alinitazama, akasema, "Nenda nyumbani, Elia. Umechoka." Basi. Mpaka leo nadhani ningelala vizuri zaidi kama angenipiga.

Nyumba ilishinda. Mzee Zakaria alisindikizwa kwa nyimbo mpaka Musoma, na wimbo wangu ukiwemo. Na unajua kilichofuata? Vijiji vilikuja vilevile. Siku ya kuhamishwa, aliyesimama juu ya lori akiwahimiza watu wafungashe alikuwa Mzee Zakaria, na kofia yake nyeupe. Hakuwa na la kufanya, nami simlaumu. Lakini nilimtazama pale juu nikajiuliza, nilimuuza Mwalimu Yeremia ili kuzuia nini?

Mwalimu aliomba uhamisho, akapelekwa mbali. Nilimwandikia barua tatu nikazichana zote, kwa sababu kila nilipouona mwandiko wangu nilikumbuka nani alinifundisha. Siku moja, nikiwa stendi ya Bunda, nikasikia watu wanazungumza kwamba amefariki. Sikuwahi kumwomba msamaha.

Lakini lililoniumiza kuliko yote lilitokea Alhamisi iliyofuata baada ya mkutano wa Mugeta. Tulikusanyika kama kawaida. Tukaimba. Tukanyamaza, tukisubiri mwenye jambo asimame. Hakusimama mtu. Mchungaji alisubiri. Tulisikia ng'ombe wanarudi zizini, tukasikia akina mama wanapita na maji, na sisi tumekaa tu, kila mtu anatazama miguu yake. Nilitaka kusimama mimi. Naapa nilitaka. Jambo langu lilikuwa limenijaa mpaka kooni. Lakini nilipotaka kuinuka nikawaza: nani hapa ataliandika? Nani atalipeleka wapi, na lini? Nikaketi. Mchungaji akafunga kwa sala, na yale maneno yake ya kila wiki hakuyasema. Alhamisi iliyofuata ilikuwa vilevile, na iliyofuata, mpaka watu wakaacha kuja. Moto uliowaka tangu siku za wazazi wetu niliuzima mimi, kwa karatasi moja, halafu mimi mwenyewe nikakosa pa kuota.

Nimesoma Biblia miaka hii yote jicho langu likiwa hapo. Petro alimkana Bwana uani, kando ya moto. Luka aliyetuandikia hakuwepo. Mimi naamini aliyeisimulia ni Petro mwenyewe, alisimama mbele ya wenzake akaitaja, kama watu wa Alhamisi. Nao waliipokea, wakaihifadhi, ili mwenye dhambi kama mimi asikate tamaa. Hawakuitunza ili siku moja wamnyang'anye Petro nafasi yake. Daudi ni hivyohivyo, na Paulo aliyelinda nguo za waliompiga Stefano mawe. Imani yetu imetufikia kwa midomo ya watu waliothubutu kusema walichofanya. Na nilipokwenda baadaye chuo cha Biblia nikasoma historia ya kanisa, niliona kwamba mara nyingi kanisa lilipotamani kukaa kiti kimoja na watawala, lilianza kuzitafutia kazi siri za watu wake. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma, nikafunika kitabu, nikatoka nje.

Sikuambii uache siasa, mwanangu. Mengi unayoyaogopa na mimi nayaogopa. Tetea ndoa, tetea wazee, simama jukwaani useme unachoamini mpaka sauti ikauke, na mpinzani wako mpinge kwa anachokisema na anachokifanya kazini mbele za watu. Lakini alichokisema mtu kwa Mungu wake huku analia, hata kama kilisemwa na baba yake, hata kama uchaguzi wote unategemea hicho, kiache kilipo. Usiitazame alama ya chama chako ukadhani imetoka mbinguni. Usichague andiko kwa ajili ya kura. Na ukimwona mtu mkubwa ananawa mikono huku anakuambia hajasikia kitu, amka uondoke, hata kama hujashiba. Kabla hujaandika lolote, jiulize mtu huyo ana watoto wangapi wamekaa nyuma ya mlango.

Daftari ulilolifuata nilikuwa nalo. Jina ulilonitajia, ambalo si la Mwalimu Yeremia, lilikuwemo, ukurasa mzima, na mstari chini kwa rula. Asubuhi hii nimelichana ukurasa kwa ukurasa, mama yako akawashia kuni. Uji huo ulio mbele yako umechemkia hapo. Jina moja tu halikuwemo humo tangu mwanzo, la karani mwenyewe. Basi leo karani amesimama. Dhambi yangu umeisikia kwa jina lake, na msikilizaji ni wewe peke yako. Ukitaka habari ya kubeba kwenye kampeni yako, beba hiyo, nimekupa kwa mkono wangu. Hizo nyingine tumemwachia Bwana.

Mungu akulinde barabarani na majukwaani. Ukishindwa, akuachie marafiki zako wote. Ukishinda, akupe uso wa kumtazama uliyemshinda, na mkono wa kumpa. Akupe na mahali pa kusema yako siku yatakapokujaa, na watu wa kukaa nayo. Sasa kunywa uji, mwanangu, unapoa.